Sigaa ya Kuba Izeekee Dar, ya Nikaragua Ivutwe Leo

Nimeishi Ohio muda wa kutosha kusema hili bila kusitasita: kwenye ule ubishi wetu wa kama sigaa (yale majani ya tumbaku yaliyokunjwa, Waingereza huita cigar, si sigara ya kawaida) inakuwa tamu zaidi ikikaa, watu wa Dar wanaosema iwekwe wako sahihi, na watu wa huku Columbus, mji wa Ohio, wanaosema ivutwe mara moja nao wako sahihi. Kinachowagombanisha ni kwamba hawazungumzii sigaa moja.

Masaki na Oysterbay, meza ya wapenzi wa sigaa utakayoikuta Ijumaa jioni inatawaliwa na sigaa za Kuba. Mmoja ana Montecristo No. 4, jirani yake Partagás Serie D No. 4, na aliyepata bonasi amekuja na Cohiba. Huku kwetu Columbus, Kuba haipo mezani kabisa. Marekani iliiwekea Kuba vikwazo mwaka 1962 na mpaka leo havijaondoka. Wakati wa Obama wasafiri walilegezewa kidogo, lakini Septemba 2020 mlango ukafungwa tena, hata ile moja ya mfukoni huruhusiwi kuingia nayo. Maana yake ni kwamba kitu ambacho shemeji yangu anakinunua mchana kweupe Dar, mimi nikikibeba hadi uwanja wa ndege wa huku kinachukuliwa pale pale forodhani. Ndugu wengi nyumbani wanaamini ughaibuni ndiko kwenye kila kitu. Kwenye sigaa, hapana, na nawaomba mjue mlichonacho.

Tulichonacho huku ni chapa kama Padrón, Arturo Fuente, Oliva na wenzao, yaani sigaa za Nikaragua, Jamhuri ya Dominika na Honduras. Na nyuma ya majina hayo kuna wahamiaji. José Orlando Padrón alikuwa Mkuba aliyehama, akaanzisha kazi yake Miami mwaka 1964, baadaye akaipata tumbaku aliyoitaka Nikaragua. Habari hiyo inanigusa kila nikiisikia. Mtu ameondoka kwao na ujuzi wa mikono tu, ameutia kwenye udongo wa watu wengine, na leo kuna wavutaji wazima wanaoapa kwamba cha ugenini kimekipita cha nyumbani. Na ile sigaa ya Arturo Fuente iitwayo Hemingway, jani lake la nje ni la Kameruni. Afrika iko mdomoni mwa Wamarekani hawa na wengi wao hawajui.

Sasa kwa nini nyingine ikae na nyingine isikae? Wengi wetu tunaijua tumbaku ya Tabora. Wajomba zangu wako Urambo, na mabani ya kukaushia nimeyaona kwa macho: kuni zinawaka usiku na mchana, na ndani ya wiki moja hivi jani limeshakuwa la njano. Hiyo ni tumbaku ya mvuke, ya sigara za kawaida, na moto ule umeshafunga kila kitu ndani ya jani, sukari yake ikiwemo. Weka pakiti ya sigara kabatini miaka mitano, utatoa sigara kavu, basi.

Jani la sigaa halikaushwi kwa moto namna hiyo. Linatundikwa bandani likauke kwa hewa wiki kadhaa, kisha linarundikwa marundo makubwa, linachachuka kwa joto lake lenyewe, linapinduliwa, linarundikwa tena. Kinachotoka humo ni amonia, ule ukali unaopanda puani ukachoma. Kazi hiyo haiishi siku sigaa inapofungwa. Inaendelea taratibu ndani ya boksi, miezi na miaka. Ndiyo maana mvutaji akisema sigaa yake "bado mbichi" hasemi uchawi, anasema jambo lililo wazi kwenye pua yake.

Kuba nyingi zinafika dukani zikiwa changa. Cohiba ina unafuu kidogo kwa sababu baadhi ya majani yake ya ndani yanachachushwa mara ya tatu, kwenye mapipa. Lakini Partagás au Bolívar iliyofungwa mwaka jana ina ncha. Theluthi ya kwanza unahisi pilipili na chuma. Padrón wao wanafanya kinyume: majani ya sigaa yao iitwayo 1964 Anniversary yanazeeshwa miaka minne kabla hayajafungwa. Anayekuuzia ameshakusubiria. Ukiiweka miaka mitano zaidi itatulia, sikatai, lakini unachokipata ni kidogo na nguvu inapungua. Kwa hiyo mzee wa launji yetu hapa Columbus anayesema "nunua, washa" yuko sawa kabisa kwa sigaa alizonazo, na wewe wa Mikocheni unayeficha boksi lako usiguswe nawe uko sawa kwa zako.

Kuna kaka yangu mmoja Mikocheni ambaye kwake ndiko nilikoonja tofauti hiyo vizuri. Aligeuza boksi la D4, yaani ile Partagás Serie D No. 4, chini juu akanionyesha alama iliyochomwa kwenye mbao, *Hecho en Cuba, Totalmente a mano*, na pembeni yake muhuri wa msimbo wa kiwanda na mwezi: AGO, yaani Agosti kwa Kihispania, na mwaka. Akatoa moja ya boksi hilo lililokaa na moja ya boksi jipya. Kwa macho ni pacha, fupi, nene, milimita 124, mkanda mwekundu. Ya jipya ilianza na ule ukali wa koo, ukakaa mpaka katikati. Iliyokaa ilikuwa na ladha ya mbao za mwerezi na kahawa iliyokaangwa sana, na moshi wake ulikuwa laini kiasi cha mazungumzo kuendelea bila mtu kukohoa. Aliyeivuta hiyo hawezi kuniambia umri ni hadithi za matajiri.

Ila umri una mwisho. Hoyo de Monterrey Epicure No. 2, ambayo ni laini tangu inazaliwa, mimi siwezi kuiweka muda mrefu. Sigaa laini haina ukali wa kupoteza, inachopoteza ni ladha yenyewe, na utabaki na kitu cha heshima kisicho na maneno. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaonunua mwaka badala ya kununua sigaa.

Tuje kwenye hali ya hewa, maana hapa watu wa Dar mnajidanganya. Nasikia mara kwa mara: "Sisi tuna unyevu wa bahari, humido ya nini?" Humido ni lile boksi la kutunzia sigaa kwenye unyevu wake. Sigaa inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 mpaka 21 hivi. Huku kwangu majira ya baridi, hita ikiwaka siku nzima, hewa ya ndani inashuka hadi asilimia 30 au chini; sigaa ukiisahau mezani jani la nje linapasuka. Vita vyangu ni ukavu, na ukavu unatibika kwa boksi linalofunga vizuri na pakiti za unyevu. Dar unyevu mara nyingi unapita asilimia 75, na kaskazi ya Januari na Februari inakupa nyuzi 31 au 32 mchana. Hapo kuna maadui wawili. Wa kwanza ni ukungu, na tafadhali msikubali mtu awaambie ule weupe wa manyoya ni dalili ya sigaa iliyokomaa; karibu mara zote ni ukungu. Wa pili ni mbaya zaidi: fukusi wa tumbaku. Mayai yake hayaonekani, joto likipita nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, na siku ukifungua boksi unakuta vitundu kama vya sindano na unga wa majani chini. Fukusi mmoja akianza, boksi zima liko mashakani.

Dawa yake Dar ipo na si ya mabilioni. Zikifika, zifunge vizuri kwenye mifuko ya plastiki, friza siku tatu, friji siku moja, ndipo zitoke nje, taratibu ili jani lisipasuke. Kisha ziishi kwenye friji ndogo ya mvinyo pamoja na pakiti za asilimia 65, si 72, kwa sababu hewa yenu tayari ina maji. Umeme ukikatika usiufungue mlango, friji iliyojaa inashika ubaridi. Kiyoyozi cha chumbani peke yake hakitoshi. Kinazimwa asubuhi mtu akienda kazini, na joto linapanda na kushuka kila siku, kitu ambacho sigaa haikipendi kabisa.

Na kabla hujaweka kitu miaka mitano, hakikisha ni chenyewe. Kaka mwingine, mtu mzima na heshima zake, aliuziwa mjini Cohiba kwenye boksi la mfuniko wa kioo, linapendeza kweli. Cohiba halisi haiuzwi kwenye boksi la kioo, hakuna ubishi hapo. Hiyo haizeeki, inaoza tu na pesa yako. Iliniuma, kwa sababu ni fedha ya jasho na alikuwa ananiwekea mimi nikirudi.

Neno kwa wadogo zangu mnaosoma: moshi wa sigaa hauvutwi hadi mapafuni, lakini saratani ya mdomo na ya koo unaileta vilevile. Kama huvuti, sikushawishi.

Mtaniuliza wapi kuna raha zaidi. Huku sheria ya Ohio ya 2006 ilifukuza moshi kwenye baa na migahawa, ikayaacha maduka ya tumbaku, kwa hiyo tunavutia humo: viti vya ngozi, kabati za kukodi zenye majina, televisheni ya mpira wao. Hifadhi yao ni ya hali ya juu na nawaheshimu kwa hilo. Lakini mtu anavuta, anamaliza, anaaga. Dar sigaa moja inabeba habari za msiba, mahari, bei ya kiwanja Kigamboni na nani kaoa, na D4 ya dakika hamsini inaishia saa moja na nusu kwa sababu mwenyewe anaisahau mkononi akisimulia. Sigaa inayovutwa polepole haipati moto kupita kiasi, na ladha inabaki. Kwenye hili nyumbani mmetushinda mbali.

Mpango wangu basi ni huu. Boksi la Partagás nitanunua huko huko kwa muuzaji anayekubali kuligeuza nisome muhuri, litakaa kwenye friji ya kaka wa Mikocheni, na halitaguswa mpaka litimize miaka mitano. Padrón nitakuja nazo mkobani Desemba, tuzivute wiki hiyohiyo.