Sufuria Iliyokataa Kuepuliwa

Jiko la umeme la kioo lilipoingia nyumbani kwetu Tabata, niliitisha kikao. Wajumbe walikuwa wawili: Mama Nuru, na Nuru mwenyewe, mwenye miaka saba. Nikawaeleza kwamba hili si jiko la kuchezea. Halina moto, linapasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Nikawaeleza pia kwamba ukilisukuma mpaka wati 2000, nusu saa tu limekula yuniti nzima ya LUKU, kwa hiyo maharage yataendelea kuchemkia mkaa. Ekstensheni ile ya kuchajia simu nikaipiga marufuku kabisa, maana ingeyeyuka kabla chai haijachemka. Mwisho nikabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: SHERIA YA KWANZA: JIKO LISISAFISHWE MPAKA LIPOE.

Sheria ya pili haikuwepo. Kijitabu cha maelekezo nilikuwa nimekisoma mpaka hapo, nikapigiwa simu.

Aibu ya mwanzo ilitokana na sufuria zetu za alumini, zile za harusi. Niliweka moja, jiko likalia pii, pii, pii, likaandika E0 na kunyamaza. Nikaweka ya pili, yale yale. Nikalifunga kwenye boksi lake, nikalipeleka Kariakoo jua la saa saba, nimenuna, nimeshika risiti na sufuria ya ushahidi. Muuzaji hakubishana. Alichukua kisumaku, akakibandika kwenye kitako cha sufuria yangu, kikaanguka. Akakibandika kwenye yake, kikang'ang'ania.

"Bosi, jiko zima. Sufuria yako ndiyo haina chuma."

Alipotaja bei ya hiyo yenye chuma, nikakumbuka nina daladala ya kuwahi. Wiki nzima jiko likawa pambo; Mama Nuru akaliwekea kitambaa cha kufuma.

Aliyetukomboa ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga na nazi, machungwa, na sufuria yake ya zamani kaifunga kwenye kanga. Ilikuwa ile ya rangi nyeupe yenye ukingo wa bluu na masikio mawili, ambayo rangi ikibanduka huacha doa jeusi. Nuru akachomoa sumaku kwenye friji, akaigusisha: pap! Kumbe chini ya ile rangi ni chuma kitupu. Mimi nikasema, "Ndivyo nilivyotarajia," na hakuna aliyenijibu.

Sasa Jumamosi ile mama alikuwa anatengeneza visheti vya kupeleka kwenye harusi. Kuvikaanga alivikaanga uani kwa mkaa, nami sikumlazimisha. Ila shira nilimwomba tuichemshie kwenye jiko langu, aone maendeleo. Akaweka sukari, maji, iliki, akaniachia mwiko.

"Baba Nuru, nishikie hapa, nikaswali Alasiri. Moto uwe wa wastani."

Wastani! Mtu ana wati 2000, unamwambia wastani. Alipotandika mswala tu nikabonyeza alama ya kujumlisha mpaka ilipogoma. Redioni Simba walikuwa wamepata kona. Nilisogea hatua mbili, tatu, niongeze sauti.

Jiko la mkaa hukupa notisi. Hili halikupi. Niliposikia tshaaa, shira ilishapanda, ikavuka ule ukingo wa bluu, ikateremka pande zote, ikapita chini ya kitako na kufunika vibonyezo. Jiko likapiga kelele kama pikipiki iliyoguswa usiku, likajizima lenyewe. Nikachomoa plagi. Hilo nililifanya vizuri, naomba liandikwe.

Mama akatoka na kanga yake ya kuswalia.

"Epua sufuria haraka, shika mwiko ukwangue. Sukari haingoji."

Mimi nikamwonyesha ukutani, kwa adabu zote za mkwe. "Mama, bado lina joto. Sheria inasema lipoe kwanza."

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Haya mwanangu. Wewe ndiye mwenye jiko." Akaenda uani kuchemsha shira nyingine kwa mkaa.

Nikangoja saa nzima. Nikagusa kioo: baridi. Nikashika masikio mawili ya sufuria, nikaepua.

Jiko likaja nayo.

Nikatikisa. Likatikisika, lakini halikuachia. Linaning'inia chini ya sufuria kama popo, waya wake unapigapiga magotini. Nikageuka nikaliegemeze kwenye sinki, na ndipo mlango ulipofunguka, akaingia Mama Nuru kutoka saluni na shoga zake wawili. Mtu mzima nimesimama katikati ya jikoni, nimebeba sufuria iliyobeba jiko.

"Unakwenda nalo wapi?" akaniuliza.

Ningesema nalisafisha, nani angeniamini? Nikataka kulimwagia maji ya moto, mama akaniwahi kutoka uani: lile si sinia, ndani kuna umeme. Akachovya tambara kwenye maji ya uvuguvugu, akalikamua sana, akalizungushia pale sukari iliposhikana. Baada ya robo saa akalibadilisha, kisha tena. Sukari ile iliyonishinda mimi na misuli yangu ikaanza kulainika na kuteleza yenyewe, na sufuria ikaachia kwa mlio wa "tak".

Ule mlio sikuupenda. Kwenye kioo palibaki kishimo kama punje ya dengu. Sukari ikipoa hujikaza, na ikijikaza huondoka na kipande cha kioo. Nilipitisha ukucha mara kumi kuhakikisha ni kishimo tu. Ungekuwa ufa, jiko hilo tungeliaga, kwani maji yakipenya kwenye ufa yanakwenda kukutana na umeme. Kuzunguka kishimo kuna mikwaruzo pia. Hiyo ni ya stili waya, niliyoitumia kwa siri dakika tano kabla ya kuepua, na mpaka leo mke wangu anadhani jiko lilikuja nayo.

Usiku nikakitafuta kijitabu. Aya iliyofuata, mstari wa kwanza kabisa: isipokuwa sukari na plastiki iliyoyeyuka, hizo zima jiko, zikwanguliwe kwa uangalifu kabla hazijapoa.

Visheti vilitoka vizuri, vya shira ya mkaa. Mama aliondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi pale Mbezi, sufuria yake akatuachia, na kuhusu jiko hakusema neno. Waliosema ni wale shoga wa mke wangu. Tangu siku hiyo wakinikuta njiani hawaniulizi habari za nyumbani wala za kazi. Mmoja anamkonyeza mwenzake, kisha kwa heshima kabisa:

"Shemeji, umeshaepua?"