Kuku wa Buluu

Mama mkwe wangu ni mtu wa Singida, na Singida kuku ni kama samaki Mwanza: mtoto anamtambua kuku mgonjwa kabla hajajua kuhesabu. Kwa hiyo aliposema Jumamosi anakuja kututembelea Morogoro, jambo la kwanza nililofanya ni kumfungia kuku mmoja stoo.

Ufugaji niliuanza kwa tamaa ya rangi. Mtaani kwetu mteja hanunui yai kabla hajauliza, "La kienyeji hilo?" Kisha analigeuzageuza mkononi. Likiwa jeupejeupe anaamini na kuongeza pesa. Likiwa la kahawia anacheka, anasema la kisasa hilo. Ganda halijui lolote kuhusu kiini, kiini kinafuata chakula anachokula kuku, lakini nani abishane na mwenye pesa? Nikaamua nitachagua kuku kwa rangi ya mayai.

Nikasoma kwenye simu mpaka usiku wa manane. Wanasema ukitaka kukisia rangi ya yai, mtazame kuku ndewe: nyeupe, mara nyingi atataga mayai meupe, kama Leghorn, nyekundu, mayai ya kahawia, kama Rhode Island Red. Kesho yake nikawa sokoni nainamisha kuku mmoja mmoja nikiwachungulia masikio. Muuzaji alinivumilia mpaka kuku wa sita.

"Bosi, unanunua kitoweo au wewe ni daktari wa masikio?"

Nikanunua wawili kwa aibu. Ningeishia hapo heshima yangu ingekuwepo mpaka leo. Lakini usiku ule nikakutana na Araucana, kuku wa asili ya Chile, ana ndewe nyekundu na anataga mayai ya buluu. Kanuni yangu ya masikio ikafia hapohapo, na mimi usingizi ukaniruka. Niliiona trei yangu: meupe, ya kahawia, ya buluu, na wenye hoteli wamepanga foleni getini.

Nikampata mtu wa kuniuzia mayai ya kuangulisha. Yai moja 5,000. Nikachukua 12, yakaja kwa basi kutoka Dar ndani ya boksi la pumba, ya buluu kama mlango wa duka la Mwarabu. Jamaa alinipigia kabisa kunisisitiza: "Kaka, usiyaoshe, yai la kuatamiwa halioshwi." Nikamwambia mke wangu, unaona, huyu ni mtaalamu. Na kweli yai la kuatamiwa halioshwi! Ndicho kinachoniuma mpaka leo, aliniibia kwa kutumia ukweli.

Nilikuwa nimesoma pia kwamba rangi ya kahawia hupakwa juu juu ya ganda saa za mwisho kabla kuku hajataga, ila buluu ya kweli hupenya ganda zima, hata ndani. Kuhakikisha ni rahisi, unavunja moja. Sasa nani atavunja shilingi 5,000 akaangalie ndani?

Nikamwekea koo mmoja mweupe aliyekuwa ameshaanza kuatamia. Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto, na paa la banda linavuja kidogo. Siku ya 11 akatoka kula, nikaona kifua chake. Kifua cha buluu. Tumbo la buluu. Amenyanyua bawa, na kwapa nalo la buluu. Nikajiambia pengine mbegu ya Chile ina nguvu sana. Ila moyo wangu ulishaelewa, ndiyo maana nikamhamishia stoo na kiota chake.

Sasa, kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, anakula, anakunywa, anamaliza haja zake, anarudi. Wangu alichagua saa ya chai, na mlango wa stoo mtoto kauacha wazi. Akapita katikati ya mkeka, mbele ya mama mkwe, taratibu, kama bibi harusi.

Mama akaweka kikombe chini. "Baba, huyu kuku ana nini?"

"Mama, analalia mayai ya mbegu ya Chile. Ile buluu chanzo chake ni kirusi..."

"Kirusi!" Akavuta kanga yake. "Chanjo ya kideri hujawapa?"

"Si ugonjwa, mama. Ni kirusi cha zamani sana kilichojipenyeza kwenye vinasaba vya kuku, wanasayansi walieleza mwaka 2013 kwamba..."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya posa. Akainuka, akaingia stoo, akachukua yai moja, akalamba kidole, akalisugua. Akakiangalia kidole. Akakinusa. Kisha akamwita binti yake, si mimi.

"Mwanangu, buluu ya kufulia mnayo humu ndani? Kama imeisha, mumeo ana mayai 12 hapa, loweka kanzu zake."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda kuangalia paa la banda.

Siku ya 21 vikatoka vifaranga saba, wote kienyeji wa kawaida kabisa, mmoja kishingo. Mama aliondoka na jogoo wangu mkubwa kama zawadi. Sikuwa na uso wa kukataa.

Tatizo lililobaki ni jirani yangu mzee, aliyemwona yule koo uani kabla manyoya hayajabadilika. Akaja na 20,000 anataka mayai yake matano. Nikamweleza yote, buluu, kanzu, kidole cha mama mkwe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Sawa mwanangu. Ficha mbegu yako." Tangu siku hiyo, kila alfajiri namsikia ananyemelea ukutani, halafu kishindo upande wangu. Ni jogoo wake, amemrusha.