Kampala ni mji wa mguu jamani, acheni bodaboda kidogo

Watu wengi wa huku kwetu Kanda ya Ziwa ukimuuliza Kampala unaijua atakwambia naijua sana, alafu ukichimba kidogo unakuta anachokijua ni Kikuubo, yale maduka ya jumla, na stendi ya basi. Anashuka asubuhi, anazunguka na mzigo wake wa nguo na vipodozi, anakula matoke na karanga, jioni huyo anarudi Mutukula. Na wale wenye muda zaidi wanapelekwa juu ya mnara wa ule msikiti mkubwa wa Old Kampala, ngazi mia tatu na kitu, picha, kisha bodaboda mpaka Kasubi kwenye makaburi ya wafalme, picha, kisha hoteli. Sina ugomvi na mnara, ukiwa pale juu unaviona vilima vyote na Mungu akubariki, ila kuona kilima na kukipanda ni mambo mawili tofauti, na huu mji mi nasema haueleweki mpaka magoti yako yaelewe kwanza.

Nieleze ninachomaanisha. Wanasema Kampala ni vilima saba, humo wanataja Mengo, Rubaga, Namirembe, Kibuli, Kasubi, Nakasero na Old Kampala, ingawa leo mji umeshameza vilima vingine kibao huwezi hata kuvihesabu. Ukisoma kwenye karatasi unaona majina tu. Ukitembea unagundua kila kilima kina mwenyewe. Namirembe ni Waanglikana, Rubaga ni Wakatoliki, Kibuli ni Waislamu, Mengo ni Kabaka, yani mfalme wa Buganda, Nakasero ni serikali na wenye pesa, na Old Kampala ndo alipopiga kambi yule kapteni wa Kiingereza, Lugard, mwezi wa kumi na mbili 1890 akiwa mtu wa kampuni ya Waingereza. Na vyote vinatazamana! Hapo ndo pa kusimama na kufikiri. Tarehe 24 Januari 1892 watu walipigana hapa, upande mmoja, Wakatoliki, wakiitwa Wafaransa na upande mwingine, Waprotestanti, wakiitwa Waingereza, na wote ni Waganda watupu, tofauti yao padri nani kawabatiza. Lugard akawapa bunduki Waprotestanti na bombomu yake ya Maxim ikalia kutoka kilimani kwake, Rubaga ikachomwa, Kabaka Mwanga akakimbilia kisiwani. Kwenye kitabu hiyo ni aya moja. Simama Old Kampala alafu tembea mpaka Rubaga, ni mwendo mfupi tu unamaliza hata jasho halijakauka, utashangaa vita iliyogeuza nchi nzima ilipiganwa kwenye eneo ambalo mtu anaweza kumwita mwenzake kwa mluzi.

Njia yangu mimi naanzia Namirembe asubuhi, kabla jua halijakaza, na tumbo likiwa na katogo, ile ndizi ya kupikwa mchanganyiko ya asubuhi. Kanisa lenyewe ni zuri, matofali mekundu na kuba, lilijengwa kati ya 1915 na 1919 baada ya lile lililotangulia kupigwa na radi mwaka 1910, lakini mi huwa sikai sana ndani. Naenda makaburini nje. Hapo ndo pananivuta na karibu hakuna mgeni anayefika. Kuna askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Mwanga, akiwa ametokea Rabai kule Mombasa na msafara wa wapagazi wa pwani, na wale waliokuwa nae pale waliuawa karibu wote, ila kwenye hadithi utasikia askofu, askofu, askofu, wapagazi hakuna anayewataja, watu wa Mwambao wametembea miguu mpaka huku wakafa kwa safari ya mtu mwingine. Kuna Mackay, yule fundi mmisionari, ambaye alifia Usambiro mwaka 1890, yani huku kwetu kusini mwa ziwa, leo ni Tanzania, na mabaki yake yakaja kuhamishiwa Namirembe 1927. Kuna daktari Albert Cook aliyeanzisha hospitali ya Mengo 1897, ipo hapo hapo mtelemko wa chini mpaka leo na inatibu watu, na ni yeye na ndugu yake walioripoti malale Uganda mwaka 1901. Ukitoka makaburini unashuka unapita hospitalini, unaona foleni ya akina mama na watoto, na unaelewa kwamba hii historia haijaisha, ipo kazini.

Kutoka hapo shuka kwenda Mengo. Kuna ile barabara iliyonyooka kati ya Bulange, bunge la Buganda, na Lubiri, ikulu ya Kabaka, pembeni kuna michongo ya koo za Kiganda, na katikati kuna mzunguko wa barabara ambao una geti. Geti katikati ya raundabauti! Wote wengine tunazunguka, Kabaka pekee anapita katikati moja kwa moja. Ukiwa kwenye bodaboda hilo hulioni, dereva anakata kona huku anaongea na simu, umeshapita.

Lubiri yenyewe watu huenda kwa sababu ya yale mahandaki ya silaha ya enzi za Amin, chumba cha zege chenye giza ambacho watu waliuliwa humo, kuna maandishi ukutani. Nendeni, ni lazima kwenda, ila msiishie hapo na kuondoka na Amin tu kichwani maana ikulu hii ilivamiwa kabla Amin hajawa rais, tarehe 24 Mei 1966, kwa amri ya Obote, rais wa wakati ule, Amin akiwa ndiye kamanda, na Kabaka Muteesa wa Pili akaruka ukuta akasimamisha teksi kama raia wa kawaida, akapita Congo na Burundi mpaka London na akafia huko 1969. Zunguka ule ukuta kwa nje kwa mguu. Ni mrefu, utachoka, na ndo utajua huo uwanja ni mkubwa kiasi gani katikati ya mji ambao watu wanagombania futi moja ya kupanga nyanya.

Alafu shuka ziwani. Ndio, kuna ziwa. Ziwa la Kabaka, limechimbwa kwa mikono kwenye miaka ya 1880 kwa amri ya Mwanga, alitaka aliunganishe na ziwa Victoria apite na mitumbwi yake asitoke nje. Hapa ndo mahali ninapopapenda kuliko pote na kiukweli sio pazuri kihivyo, kuna majumba, kuna takataka, kuna vijana wamekaa, kuna korongo wale wakubwa wenye upara wanaokula jalalani. Ila fikiria, alilazimisha mpaka machifu na vijana wa ikulu washike jembe kwenye tope, na hiyo ni moja ya sababu zilizofanya Waislamu na Wakristo wakaungana kwa mara moja tu wakamtoa kwenye kiti 1888. Na alikimbilia wapi? Magu. Hii hii Magu ya barabara ya Musoma. Kwa wafanyabiashara Waarabu, hawakumtendea vizuri, akahamia Bukumbi kwa mapadri Wafaransa. Mtu wa Mwanza anasimama pembeni ya yale maji Kampala, anaangalia shimo lililomfukuza mfalme akaja kuwa mkimbizi kwetu, na shuleni sikumbuki mtu yeyote kunieleza hivyo, tulikaririshwa tu majina ya Speke na Stanley.

Rubaga napita, nasali ukumbini kama kuna misa, kanisa kubwa lililotabarukiwa 1925, pako safi, pana hewa, basi.

Sasa tuongee ukweli kuhusu kutembea maana naona nimepamba sana. Kampala haimpendi mtembea kwa miguu. Njia ya waenda kwa miguu ikiwepo basi ni ya bodaboda, wanakupigia honi wewe uliye juu ya njia yako, na ukigeuka kumwangalia anakuuliza ssebo tugende, yani bwana twende? Yani kakutisha alafu anakupa usafiri. Mitaro ipo wazi, mvua ikinyesha maji yote ya vilima yanakutana mabondeni kwa sababu mabonde yalikuwa mabwawa ya mafunjo kabla watu hawajajengea, mfereji wa Nakivubo unafurika na mtu mwenye akili anasubiri dukani. Mimi hii naiona ni aibu kwa wasimamizi wa mji, mji wenye vitu vyote hivi umbali wa kutembea na hakuna hata kibao kimoja cha maana cha kukuonyesha njia kutoka kilima kimoja kwenda kingine. Mtu akiniambia mgeni anapaswa achukue bodaboda kwa usalama wake namwelewa, lakini simkubalii. Tembea asubuhi, simu mfukoni, begi mbele, fuata njia za ndani zenye shule na makanisa, utakuta watu wanakusalimia.

Na salamu ni jambo. Usianze na Kiswahili chako cha "mambo vipi". Kiswahili Uganda kimewekwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini kwa mzee wa Mengo Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi, usiku, na hajasahau. Anza na salamu ya Kiganda, gyebale ko ssebo kwa mwanaume, gyebale ko nnyabo kwa mwanamke, kwa heshima, inama kidogo, alafu ukishasema umetoka Tanzania mambo yanalainika, wengine wanakumbuka 1979 jeshi letu lilipomtoa Amin na wanakuvutia kigoda, na wengine wanaanza kukuchambua kwa Kiswahili kizuri kuliko chako.

Ila Kibuli ni tofauti. Kule Kiswahili kinatembea. Nenda alasiri, panda kwa ule upande wa Nsambya upite juu ya reli, treni iliyofika Kampala 1931. Msikiti wa Kibuli ulikamilika 1951 kwenye ardhi aliyoitoa mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, yule ndugu wa Kabaka Muteesa wa Kwanza aliyebaki kuwa kiongozi wa Waislamu baada ya vita vile vyote. Sio ardhi ya msikiti tu, shule na hospitali pia ziko hapo. Kila mtu anakimbilia msikiti wa Old Kampala kwa sababu ni mkubwa na una mnara wa kupanda, nakubali, ila ule ulimalizika 2006 kwa pesa za Libya, Kibuli ndo Uislamu wa Buganda wenyewe ulipojijenga pole pole kwenye ardhi yao. Kwangu mimi hiyo ina uzito zaidi.

Kuna kilima kingine nje kidogo, Kikaya, hekalu la Wabahai. Shuka Kalerwe sokoni, tembea barabara ya Gayaza, vumbi na kelele mpaka basi, alafu unakata kupanda na ghafla ni bustani. Lina pande tisa na kuba, lilifunguliwa 1961, la kwanza Afrika, mtu yeyote wa dini yoyote anaingia. Amin alipiga marufuku dini yao 1977, jengo likabaki. Wapenzi wa Kampala wanapajua vizuri, wageni hawapajui kabisa, na mi nadhani ibaki hivyo.

Kasubi sijaisema sana kwa sababu wote mnaijua, makabaka wanne wamelala pale, nyumba kubwa ya nyasi ikaungua Machi 2010, wamejenga upya kwa miaka na miaka na 2023 UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Nenda, vua viatu, wanawake mbebe kanga. Ninachotaka kusema ni kwamba ukishatoka Kasubi usirudi mjini. Dandia taxi, yani daladala, ya barabara ya Hoima, pita Nansana, shuka uulizie Wamala utembee kupanda. Pale kalala Suuna wa Pili, baba yake Muteesa wa Kwanza, aliyekufa 1856. Ni kwenye baraza la huyu mzee ndo alipofika Ahmed bin Ibrahim mwaka 1844, mfanyabiashara Mwarabu wa kwanza tunayemjua kufika Buganda, kwa njia ya misafara ya pwani, ndo nguo na bunduki na Qurani na Kiswahili vikaanza kupanda huku. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika 1862, miaka kumi na nane baadae, na yeye ndo ana mitaa na vitabu.

Wamala haina foleni. Sehemu za uzio na nyumba zimechakaa inauma, ni kilima kipana na upepo, na walinzi wa kaburi ambao ukikaa nao kwenye mkeka watakueleza ya Suuna taratibu bila haraka ya kukutoa aingie mwingine. Mnaokwenda Kikuubo mwezi ujao, mzigo mnaweza kuufunga saa nne asubuhi na basi linaondoka jioni. Nansana sio mbali. Beba sadaka kidogo na kanga.