"To" ya "look forward to" si "ku" yetu

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza niliifunga hivi: "I look forward to hear from you." Mtu niliyempa aipitie alikata "hear" kwa kalamu nyekundu, akaandika "hearing" juu yake, akanirudishia karatasi bila neno. Nikarekebisha. Lakini sikujua nimerekebisha nini, na barua iliyofuata nikababaika palepale.

Tulifundishwa kwamba "to" ni "ku": to read, kusoma, to see, kuona. Ni kweli, ila si kila mara. Katika "look forward to", hiyo "to" haina undugu na kitenzi kinachofuata. Ni kihusishi, kimeshikana na "forward" iliyotangulia, na kihusishi hutaka jina mbele yake. Ndiyo maana "I look forward to your reply" haimsumbui mtu. Ukitaka kuweka kitendo mahali pa jina, Kiingereza hukivika "-ing": to hearing, to meeting, to working with you.

Kiswahili hakibadilishi vazi. "Nataka kusoma" na "kusoma kwake kunanipendeza" vina neno lilelile. Katika sentensi ya pili limekuwa jina kamili, lina ngeli yake ya KU na upatanisho wake. Kwa hiyo anayewaza "natazamia kukuona" hana chochote kichwani cha kumwambia achague "see" au "seeing". Nakataa kabisa kumwita mzembe. Anafuata mantiki ya lugha yake, na mwalimu anayemkaririsha "hearing" kama sala bila kumwonyesha ngeli ya KU amemnyima kitu ambacho tayari alikuwa nacho mkononi.

Mimi hujipima hivi: naondoa kitendo, naweka "it". "I look forward to it" inakaa, basi kitendo kitakuja na "-ing". "I want to it" haikai, basi ni "I want to see". Kipimo hicho kinafaa pia kwa "I object to" na "I am used to". (Ile "I used to walk", isiyo na "am", ni habari nyingine: inasimulia mazoea yaliyopita, na kitenzi chake hubaki kitupu.)

Kuna na suala la maana, ambalo husahaulika zaidi. "Kutazamia" kwetu hubeba mema na mabaya; mtu hutazamia ugeni, hutazamia pia matatizo. "Look forward to" hubeba furaha tu. Anayetangaza "We look forward to some delays" amewaambia wateja wake kwamba anangoja kwa hamu wacheleweshwe, wakati alitaka kuwatahadharisha. Hapo neno lake ni "expect".