Ishirini na Sita Ipi?

"Mzee, tairi halina tatizo. Mwenye tatizo ni baiskeli yako."

Maneno hayo nimeambiwa leo, ndugu zangu, mbele ya watu, na kijana ambaye siku ya kwanza nilipoingia dukani kwao alinivutia kiti na kuniita bosi. Nikayameza. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonitazama, siwezi kugombana na mtu aliyeshika upondo. Nikakohoa kidogo, nikanyoosha kola, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano: "Kijana, baiskeli hii ilikuwepo kabla hujazaliwa."

Akaitazama juu mpaka chini. "Inaonekana," akasema.

Naandika haya miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nimerudi kwa mguu, baiskeli nikiikokota kama mgonjwa asiyetaka hospitali.

Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha. Mnajua wenyewe: kwanza linakuwa kipara, kisha nyuzi zinaanza kuchungulia, kisha tyubu inatoa kitambi pembeni kama shati lililokosa kifungo. Unakata kipande cha tairi la zamani, unakilaza kwa ndani, unaendesha polepole huku unamwomba Mungu. Siku maombi yakikataliwa unasikia paa! na mtaa mzima unakugeukia kujua nani kapigwa risasi.

Basi nikaenda dukani. Nilivaa vizuri kabisa, maana duka la baiskeli ukiingia na mafuta ya cheni kwenye suruali wanakuhesabu fundi mwenzao na hakuna anayekuhudumia.

"Karibu bosi! Shida yako?"

"Tairi la nyuma."

"Saizi gani?"

"Ishirini na sita," nikajibu haraka, kwa fahari ya mtu aliyesomea jibu. Kijana akainua upondo wenye ndoano, akachokoa darini, na kabla sijasogea tairi likashuka likanivaa shingoni. Nikabaki nimesimama pale kama mgeni rasmi aliyevikwa shada. Nikalipa likiwa bado shingoni.

Nyumbani nikapindua baiskeli, nikatoa la zamani, nikaanza kuvisha jipya. Upande huu ukiingia, ule unaruka. Nikaushika ule kwa goti, huu ukaruka ukanipiga kidevuni. Nikaagiza vijiko. Mnajua kwamba duniani hakuna kifaa cha kuvulia tairi kilichowahi kumshinda kijiko cha nyumbani, isipokuwa siku hiyo. Kimoja kilipinda. Cha pili kikapinda. Cha tatu kikakatika shingo na kichwa chake hakijaonekana hadi leo. Mama watoto hakusema neno. Alivikusanya, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja, akaniacha nivitazame.

Kesho yake nikarudi. Sasa ndipo nikaona kile ambacho macho ya mteja mwenye furaha hayakioni. Ukutani pale kuna maandishi mawili. La kwanza: MTEJA NI MFALME. Chini yake, kwa rangi nyekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Huyo ni mfalme wa namna gani? Huyo ameshapinduliwa, wamemwachia jina tu.

"Tairi ni dogo," nikasema.

"Si dogo, mzee. Ni jipya."

Mnaona? Jana bosi, leo mzee, na nilikuwa nimevaa shati lile lile.

"Tairi jipya huwa gumu," akaendelea kwa upole wa daktari. "Lianike juani, litanyooka."

Nikaenda nikalianika. Nimekaa na tairi juani siku nzima kama mtu aliyeanika godoro la mtoto, kila jirani anayepita ananiuliza limefanya nini. Jioni nikaliingia, nikakaa katikati, nikasukuma kwa mgongo na miguu. Halikunyooka. Mimi ndiye niliyenyooka, na sikuinuka hadi nilipoinuliwa.

Nisiseme kwamba hawa ndio wa kwanza kunitesa. Yuko fundi aliyenifungia pedali ya kushoto kwa kuizungusha kulia, kama nati nyingine zote, akakaza kwa mkono wa chuma mpaka akasaga meno yote, ndipo mtu wa pembeni akamwambia kwamba ya kushoto hufungwa kinyume. Yuko aliyefungua habu ya nyuma yenye gololi 9 kila upande, akanirudishia 9 huku na 8 kule, nilipouliza akasema zitajipanga zenyewe. Na yuko yule aliyeomba kujaribu breki. Alikwenda hadi kona, akapotea nusu saa, akarudi amempakia mtu kwenye keria. Breki ni nzima, akasema.

Lakini turudi kwa mfalme.

Mara ya tatu nilibeba tairi jipya bega la kulia na la zamani bega la kushoto, nimeamua kutafuta haki. Nimeyaweka kaunta, moja juu ya jingine. Hata mtoto mdogo angeona: la zamani lilikuwa jembamba na lenye duara kubwa, jipya lilikuwa nene na duara dogo. Kijana akainama akasoma. "Hili 26. Hili nalo 26. Sasa mzee unataka 26 ngapi?"

Nikasoma na mimi. Kweli. La zamani limeandikwa 26 x 1⅜. Jipya 26 x 1.75.

"Mbona hizi za mbele hazifanani?"

"Huo ni unene tu. Ringi ni ile ile."

Mwenye duka akaja, akaletewa mashtaka, akapima matairi yote mawili kwa shubiri kama anapima kitambaa, akatoa hukumu: "Lako lina sehemu, hilo lina nukta. Mpeni lenye sehemu." Nikaona huyu sasa ni msomi. Nikashushiwa jingine, 26 x 1½. Nikaongeza hela kidogo, nikaondoka nikiwasamehe wote.

Ndugu zangu, lile la kwanza lilikuwa adui wa wazi. Hili la pili lilikuwa mnafiki. Lile uliona mapema kwamba haliingii. Hili linaingia, linaingia, linaingia, linabaki kipande cha kiganja kimoja tu, unasema bado kidogo, unamwita mtoto akalie, unamwita jirani avute, na jirani anavuta kweli, linaingia kwa kishindo! Mnashangilia. Mnajaza upepo. Pssss. Kijiko kimeshatoboa tyubu mahali pawili. Unalitoa kwa shida zile zile, unaziba, unarudia, pssss. Usiku ule niliota nahesabu sehemu na nukta, na mwalimu wangu wa hesabu amesimama mlangoni na fimbo, anasema nimpe majibu.

Leo ni mara ya nne. Sikuvaa vizuri. Sikusalimia kila mtu. Kijana aliponiona hakusema bosi wala mzee, aligeuka ndani akaita, "Yule amekuja!"

Yule. Nimekuwa yule.

Tukaanza. Mimi nasema halitoshi, wao wanasema ni 26. Nasema ringi, wanasema 26. Wateja wengine wakaunga mkono, kila mtu na upande wake, mmoja hata hakuwa na baiskeli, alikuwa anapita tu akasikia neno haki. Ndipo kutoka pembeni, chini ya rundo la tyubu kuukuu, ikatoka sauti. Kumbe siku zote hizi pale palikuwa na babu anaziba pancha. Siku nne nimempita kama stuli.

"Nipe hilo la zamani," akasema. Akalifuta ubavu kwa kidole kilicholowa mate, akalielekeza kwenye mwanga. "Soma hapa. Hayo mengine achana nayo."

Paliandikwa 37-590, kwa herufi nyeusi, juu ya mpira mweusi.

"37 ni unene," babu akasema, bila kunitazama. "590 ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi. Zote milimita. Lete yale ya kwao." Tukampa. La kwanza lilikuwa 47-559. Lile mnafiki, 40-584. Akaeleza, huku anapaka solusheni, kwamba zile inchi 26 watu wa zamani walizipima kwa nje, tairi likiwa limejaa upepo. Tairi nene likawekewa ringi ndogo, tairi jembamba ringi kubwa, ili kwa nje yote yafike karibu 26. Kisha miaka ikapita, unene ukabadilika, jina likabaki. Hata 1.75 na 1¾, akasema, si tairi moja. Lenye sehemu ni 571, lenye nukta 559.

Nikamwambia, "Lakini babu, 1.75 na 1¾ ni kitu kimoja!"

"Shuleni," akasema, akapuliza kiraka.

Nikakaa chini. Milimita 31, kutoka 559 hadi 590! Ukizungusha, ni karibu sentimita 10 za mzunguko. Sentimita 10 za waya wa chuma usionyumbuka, ule uliofichwa ndani ya ukingo wa tairi, na mimi nilitaka kuzivuta kwa kijiko. Nimeanika chuma juani! Na kisha nilipolitazama lile andiko tena, hasira ikanipanda kweli, si ya mchezo. Jina la kampuni wameliandika kubwa, linasomeka hata ukiwa juu ya mti. Mchoro wa simba wameuweka. Neno moja tu lenye faida, lile litakalomwokoa baba wa watu asitobolewe tyubu na kupoteza vijiko vitatu, ndilo wamelificha chini ya tope, weusi juu ya weusi, saizi ya mguu wa sisimizi. Na dukani hawa wanauza matairi kila siku ya Mungu, mwenye kujua wamemkalisha nyuma ya rundo, na mwenye upondo wamemweka mbele!

"Basi nipeni 590," nikasema, nikisimama.

Kimya. Kijana akamtazama mwenye duka. Mwenye duka akatazama nje.

"590 tulikuwa nalo moja," akasema.

"Liko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nje ya mlango, juu, linaning'inia tairi, limepakwa rangi nyeupe, katikati limefungiwa kibao kilichoandikwa TUNAUZA MATAIRI.

Ndugu zangu, tairi hilo nimepita chini yake mara nane. Mara nne kuingia, mara nne kutoka. Siku ya pili lilinigusa kichwa nikaliomba radhi.

"Niuzie hilo," nikasema.

"Hilo haliuzwi. Hilo ni bango."

"Limeandikwa tunauza matairi!"

"Ndiyo. Mengine."

Nikampa wazo: atundike langu lililokwisha, duara ni lile lile, saizi ni ile ile, apake rangi, nani atajua. Akalishika, akaligeuza, akaziona zile nyuzi. Akasema litaharibu sifa ya duka. Nikasema sifa ipi. Hapo ndipo mambo yakapamba moto, yule mpita njia wa haki akaondoka, na ndipo kijana akaniambia lile neno la tatizo na baiskeli yangu.

Babu peke yake ndiye aliyenisindikiza hadi mlangoni. Akaninong'oneza kwamba huwa wanalipaka rangi upya kila mwaka, hivyo mpira bado mzima.

Basi nikaja nikiikokota. Gurudumu la nyuma likiwa ringi tupu linaimba barabara nzima, nikalibeba juu, ikawa natembea na gurudumu moja chini na moja mkononi, watoto wananifuata wakiuliza sarakasi inaanza saa ngapi. Kitu pekee kinachofanya kazi kwenye baiskeli ile ni kengele, nikawa napiga kengele. Mtu mmoja akanipisha. Nilimshukuru kwa kumwinamia kichwa.

Kisha nikifika ndiyo nakumbuka kwamba hata nikilipata tairi, upepo nitajazia nini? Pampu iko kwa jirani, yule yule aliyevuta. Aliazima kwa dakika mbili tu, sasa inakaribia kuota mizizi. Nimempitia nikiwa na hasira zangu zote, nikamgongea, nikamwambia naomba pampu yangu.

Akaniangalia, akaangalia baiskeli.

"Ya nini," akasema, "na tairi huna?"