Nusu ya Wageni Si Nusu ya Bei

Juzi kwenye kikao cha harusi huku Kisauni, Mombasa, mpishi wa biriani ameitwa mwizi mbele ya watu. Kosa lake? Wageni 200 alitaka shilingi 100,000. Familia ikapunguza wageni wakawa 100, naye akasema 55,000. Ami mmoja akatoa simu, akagawa kwa mbili. "Nusu ya laki ni hamsini. Hizo elfu tano za nini?" Kikao kikaguna. Kalkuleta imeshasema, nani aipinge?

Ami, kwa heshima zako zote: kalkuleta hujibu ulichoiuliza. Pikapu ya kubeba masufuria inakuja safari moja, wakila watu mia au wakila mia mbili. Vijana wa kuchochea kuni ni wale wale. Hiyo ni elfu kumi kabla mchele haujaoshwa. Kisha kila sahani ni 450. Wewe mwenyewe una tuktuk: mtu akiikodi peke yake kwenda Nyali, unamtoza theluthi kwa kuwa viti viwili ni vitupu? Thubutu!

Kinachowapoteza watu ni kwamba hesabu ya mpishi imenyooka kweli. Mia ni 55,000, mia mbili 100,000, mia tatu 145,000. Kila mia inaongeza 45,000, haipungui wala haizidi. Ichore kwenye grafu, utapata mstari mnyoofu kabisa. Lakini haupiti kwenye sufuri, na usipopita hapo, huo si uwiano, yaani nusu ya watu kwa nusu ya bei, hata ukinyooka vipi. Gawa bei kwa watu uone: 550, kisha 500, kisha kama 483. Jibu linabadilika, habari imekwisha. Na bei moja pekee haikwambii kitu. Ile laki kwa watu 200 ingemfanya yeyote aapie kuwa sahani ni mia tano.

Petroli ndiyo yenye uwiano: lita sufuri, shilingi sufuri, lita kumi, mara kumi ya lita moja. Hapo Ami agawe mpaka achoke.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: wapo wapishi wanaopachika elfu tano za bure, na kuuliza si dhambi. Lakini angeuliza, "Kuja tu, bila sahani hata moja, ni ngapi?" Swali hilo lingemaliza kelele zote, na mpishi, mama wa watu, asingeondoka kikaoni na machozi.

Wala ugonjwa huu si wa biriani tu. Sinia la duara lenye upana maradufu hutoa mkate mara nne kwa unene ule ule, si mara mbili. Na mgeni wetu wa bara anayeapa kuwa nyuzi 32 za Mombasa ni joto maradufu ya 16 za kwao, asahau kidogo Selsiasi, ambayo sufuri yake ni barafu inapoyeyuka, si mahali joto linapoishia. Apige kwa Farenhaiti: 89.6 kwa 60.8. Hiyo maradufu imekwenda wapi?