Pingamizi la Mjomba

Mwaka 2004, shilingi 500 zilitosha kununua saa nzima ya intaneti katika vibanda vya Mwenge, Dar es Salaam, ingawa nusu ya saa hiyo mtu aliimaliza akitazama ukurasa ukifunguka kidogo kidogo kama kobe anayetoa kichwa. Humo ndimo tulimokutana sisi wapenzi 11 wa sanaa za maonyesho. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake, na kwa sababu ambazo sizikumbuki vizuri, lakini zilizoonekana nzito sana wakati ule, tulikubaliana kwamba hakuna atakayetumia jina lake halisi. Mimi nilikuwa Bwana Pazia. Alikuwapo Kiti cha Mbele, alikuwapo Kasuku aliyekuwa akifanya kazi Muscat, na juu yetu sote alikuwapo mwanzilishi wetu, Bi Kizee wa Malya, ambaye hekima yake ilitufanya tumwandikie kwa adabu, tukianza kila barua kwa shikamoo.

Tulibishana mno. Kiti cha Mbele alikuwa ameshuhudia kwa macho yake enzi za vikundi vikubwa vya miaka ya 1990, wakati Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre (TOT), iliyoanzishwa mwaka 1992, walipogawana mashabiki wa Dar es Salaam kama Simba na Yanga, na onyesho moja la baa likawa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu kwa kiingilio kimoja. Yeye alishikilia kwamba taarabu ndiyo iliyoliua igizo, kwa kuwa watu waliokuja kusikiliza mipasho walilivumilia igizo kama mtu anavyovumilia foleni ya benki. Wengine walisema igizo liliuawa na televisheni, kwa sababu hakuna aliyekubali kulipa nauli na kiingilio ilhali waigizaji wa kikundi cha Kaole walikuwa wanaigiza bure ITV sebuleni kwa jirani. Mimi nilikubaliana na kila aliyeandika mwisho, kwani saa yangu ilikuwa ikielekea kwisha.

Bi Kizee wa Malya alituona sote watoto. Kwake yeye, igizo halikuhitaji baa wala jukwaa. Alitukumbusha jinsi wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando na Amandina Lihamba, walivyokwenda kijijini Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1980, wakayachambua matatizo ya kijiji pamoja na wanakijiji wenyewe na kuyageuza ngoma na maigizo. Kisha akatuletea habari za Augusto Boal, Mbrazili aliyekuwa akipeleka waigizaji hotelini waanzishe ugomvi wa kuigiza katikati ya watu wanaokula, bila watu hao kujua kwamba wanachokiona ni mchezo. Habari hii ilinilewesha. Kwa wiki mbili nilipanda daladala nikiwachunguza makondakta, nikijiuliza ni yupi kati yao aliyesomea.

Ndipo ukaja ujumbe wa kukutana ana kwa ana. Niliusoma nikiwa nimebakiza dakika moja: "Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi wa DDC Magomeni Kondoa, kwa heshima ya maonyesho ya zamani. Kila mmoja aje na kipande cha kitambaa chekundu, tutambuane. Mchezo utaanza kabla hamjajua kwamba umeanza. Angalizo:" na hapo kioo kikawa cheusi. Nilimsihi kijana wa kibanda aniongezee dakika mbili tu. Akanijibu, bila kuondoa macho kwenye sahani yake ya chipsi, "Kaka, muda umekwisha, labda uongeze mia tano." Sikuwa na mia tano. Nikajiambia kwamba angalizo la mtu mzima kama Bi Kizee haliwezi kuwa jingine zaidi ya kutukataza kuchelewa.

Kwa hiyo sikuchelewa. Nilikata pindo la pazia jekundu la dada yangu, niliyekuwa nikiishi kwake Sinza, nikaliweka begani kama mgolole, na saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa Magomeni. Pembeni mwa ukumbi palikuwa na meza tatu zilizounganishwa, na juu yake, katikati ya chupa za soda, kila mtu alikuwa na kipande cha kitambaa chekundu. Nikahesabu vichwa: kumi. Pamoja nami, 11. Sijui ni mtu wa aina gani ambaye angedai ushahidi zaidi ya huo.

"Karibu mjumbe," alisema mwanamume mnene aliyekaa mwanzo wa meza. "Tumeshaanza." Bila shaka mlikuwa mmeshaanza, nikawaza kwa furaha, huku nikivuta kiti.

Mama mmoja mwenye miwani alifungua kitabu cha stakabadhi, chenye karatasi ya kaboni kabisa, akaniuliza jina langu na ahadi yangu. Nilivutiwa na kaboni ile. Vikundi vingi hupuuza vifaa vya jukwaani, wakaigiza karani kwa kuandika hewani kwa kidole. Nikamjibu kwa sauti nzito, "Mjomba. Elfu hamsini." Akaandika, akanishukuru, na meza nzima ikapiga makofi. Nilimnong'oneza kaka aliyekuwa kushoto kwangu kwamba wanafanya vizuri kuliko nilivyotarajia, naye akanijibu kwa unyenyekevu, "Tunajitahidi, ndugu yangu. Kamati iliyopita ilitutia aibu."

Kwa nusu saa nzima nilitazama kamati ile ikijadili idadi ya kreti za bia, matarumbeta, mapambo ya ukumbi, na ni kipi kati ya vile vitambaa vyekundu, ambavyo machoni pangu vilikuwa rangi moja, kingefaa kwa sare za wajumbe. Uigizaji ulikuwa wa hali ya juu. Mwenyekiti alipaliwa na soda kama mtu anayepaliwa kweli. Lakini nikiwa mpenzi wa sanaa mwenye jicho, niliona kasoro moja kubwa: mchezo haukuwa na mgogoro. Watu walikuwa wanakubaliana tu, mmoja anaunga mkono hoja, mwingine anaongeza, na mwanzo huo kama haupati kikwazo mapema, hadhira husinzia. Nilimsubiri mwenzangu yeyote akilete kikwazo hicho. Hakuna aliyekileta. Nikasimama, nikarekebisha pazia la dada begani, nikasema:

"Bwana Mwenyekiti, kabla hatujanunua hata kreti moja, naomba kuuliza jambo dogo. Yule mke wa Tanga ameshaarifiwa?"

Ulishuka ukimya ambao waigizaji wengi hustaafu bila kuuonja. Mbele yangu alikaa kijana mmoja mwenye shati jeupe, ambaye baadaye nilielewa kuwa ndiye bwana harusi mwenyewe, akiwa na mrija mdomoni. Soda ilikuwa imepanda hadi nusu ya mrija. Ikasimama hapo, kisha ikarudi chupani polepole.

"Mke gani wa Tanga?" aliuliza shangazi yake.

"Mwenye watoto wawili," nikasema, kwa maana nilikuwa nimekwisha kunogewa. "Wa pili ameota meno juzi."

Jambo nisilolijua, na ambalo hakuna mtunzi angelithubutu kuliweka katika mchezo wake kwa kuhofia kuambiwa ametia chumvi, ni kwamba kijana yule alikuwa amefanya kazi Tanga miaka miwili na alirudi Dar es Salaam miezi minane tu iliyopita. Shangazi alikuwa anajua kuhesabu miezi. Alifungua kanga ya begani, akaifunga kiunoni, akasimama, na kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa alimtaka mpwa wake aeleze meno hayo yameota kwa idhini ya nani. Kijana akaanza kuapa kwa kaburi la babu yake. Mama wa stakabadhi akavua miwani. Mimi, nikiwa sijawahi kuona uigizaji uliokomaa kiasi kile tangu nizaliwe, nikapiga makofi.

Makofi ndiyo yaliyoniponza. Meza nzima ilinigeukia.

"Hivi wewe ni nani hasa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Bwana Pazia," nikajibu, nikimwonyesha pazia.

Kaka wa kushoto, yule mnyenyekevu, alikuwa ameshanishika ukosi. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi baridi, nikajaribu kueleza kwamba yupo Mbrazili mmoja mwenye mawazo haya, na shangazi akadakia, "Na huyo Mbrazili naye amezaa na nani?" Nikawataja wenzangu kwamba wangenishuhudia: Bi Kizee wa Malya, Kiti cha Mbele, Kasuku. Kila jina nililolitaja liliongeza mkono mmoja kwenye ukosi wangu.

Niliokolewa, kama neno hilo linafaa, na kijana mwembamba mwenye ndevu, mwanafunzi kwa kumtazama, aliyeingia mbio huku akipunga kitambaa chekundu na kuita, "Bwana Pazia! Yupo Bwana Pazia hapa?" Mwenyekiti akamuuliza naye ni nani.

"Mimi ndiye Bi Kizee wa Malya," akasema, akivuta pumzi.

Nilikuwa nimempa shikamoo mtoto yule kwa miezi saba. Alieleza, huku tukiwa sasa tumeshikwa ukosi wote wawili, kwamba angalizo lililokatika kwenye kioo changu lilisema tusiende tena Magomeni bali DDC Kariakoo, kwa kuwa pale Magomeni Jumamosi hiyo kulikuwa na kikao cha kamati ya harusi. Wa kwanza kucheka alikuwa bwana harusi, kicheko cha mtu aliyetolewa kisimani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, isipokuwa shangazi, ambaye alitaka kwanza apigiwe simu mama mwenye nyumba wa kule Tanga. Alipigiwa. Hakukuwa na mke wala meno.

Tulipokuwa tunaaga kwa kurudi kinyumenyume, mama wa stakabadhi aliweka miwani yake sawasawa akasema, "Mjomba, lakini ahadi imekwisha kuandikwa." Nililipa zile elfu hamsini kwa mafungu matatu, sawa na saa 100 za intaneti, na stakabadhi zote tatu ziliandikwa kwa jina la Mjomba. Kiti cha Mbele alinitumia uchambuzi mrefu ulioniudhi kuliko deni lenyewe: kwamba kikwazo changu kilikuja kwa wakati wake, lakini mwigizaji hajipigii makofi katika onyesho lake mwenyewe. Kasuku aliandika kutoka Muscat akiuliza iwapo yule mwanamke wa Tanga bado yupo peke yake.

Kwa kuwa nilimaliza ahadi, nilipewa kadi kama wachangiaji wengine, na dada yangu, ambaye tangu siku ile alikuwa akilala huku taa ya barabarani ikimmulika, akasisitiza kwamba kutokwenda ni utovu wa adabu. Nilikwenda. Nilichagua benchi la mwisho kanisani, nyuma ya nguzo, na mambo yalikwenda vizuri mpaka mchungaji alipofunga kitabu chake kwa kidole, akainua uso, na kuuliza kama yupo mwenye pingamizi lolote juu ya ndoa hii. Bwana harusi aligeuka. Mwenyekiti akageuka, na mama wa stakabadhi, na yule kaka wa kushoto, na benchi mbili nzima za wajumbe waliovaa sare nyekundu. Shangazi hakugeuka tu. Alisimama kabisa ili anione vizuri pale nyuma ya nguzo. Nikatazama viatu vyangu, na koo likaanza kuniwasha.